Shangazi na Mbwa Wake Mgeni

Juma hili sina habari ya bei ya sukari wala ya foleni za magari. Nataka kuwasimulia kazi niliyotumwa na ukoo wangu, na jinsi nilivyoiharibu. Shangazi yangu, ambaye habari zenyewe zinamhusu, amenipa ruhusa kwa sharti moja: jina lake nisilitaje, la mbwa wake nilitaje.

Mwaka 2023, mwezi wa Aprili, nilipata safari ya kwenda Washington, Marekani, kwenye semina ya waandishi wa habari. Habari za safari hazifichiki. Hata viza sijapata, Baba Mkubwa akaniita Muheza. Nilimkuta barazani na wazee wengine watatu, chai imekwisha miminwa, nikajua hapa sikuitiwa salamu.

"Mwanangu," akaniambia, "ukimaliza hiyo semina yako utakwenda kumwona shangazi yako. Utamwambia kwamba nyumbani tunamngoja. Nyumba yake ipo, bati halijashika kutu, na michungwa inazaa. Mtu hazeeki na mbwa."

Wale wazee watatu wakaitikia kama wako kanisani.

Shangazi yangu huyu, dada yake marehemu baba, ni muuguzi. Alikwenda Marekani mwaka 1988, akafanya kazi hospitalini mjini Columbus, jimbo la Ohio, kwa miaka 31, mingi ikiwa ya zamu ya usiku. Mumewe alifariki mwaka 2015. Mwanawe wa pekee yuko Texas, mbali kuliko Kigoma ilivyo mbali na Dar es Salaam. Ada yangu ya stashahada ya uandishi wa habari aliilipa yeye. Kwa hiyo sauti hii mnayoisikia kila juma imenunuliwa kwa usingizi wa mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyo niliyetumwa kwenda kumkemea kwa adabu.

Zamani nyumba yake kule Columbus ilikuwa kama stendi ya mabasi. Kijana wa Kitanzania akifika mji ule na begi moja, atalala kwenye kochi la Shangazi. Michango ya harusi ilipita kwake, ya misiba ilipita kwake, na maiti ikisafirishwa kurudi nyumbani, mwenye daftari alikuwa yeye. Alipostaafu mwaka 2019 mambo yakaanza kupungua. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, watu wakajifungia majumbani, na hatari ilipopita kila mtu alirudi kwenye mikusanyiko isipokuwa yeye. Daftari akalikabidhi kwa wengine. Kwenye sherehe ikawa inafika bahasha, mwenyewe haonekani. Simu anapokea, lakini mazungumzo hayazidi dakika 10.

Kisha ikaja picha. Shangazi amepiga magoti kwenye majani, amemkumbatia mbwa, anacheka. Picha ile ilizunguka katika simu za ukoo mzima kuanzia Muheza hadi Korogwe, na kila aliyeipokea aliipeleka mbele na maneno yake. Mmoja aliandika kwamba Shangazi ameanza kupungukiwa. Mwingine akauliza kama nyumba itarithiwa na mbwa.

Nikiri: mimi nilicheka pamoja nao.

Nilifika Columbus siku ya Jumanne jioni. Alikuja mwenyewe kunipokea uwanja wa ndege, miaka 70, mgongo umenyooka.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Keti mbele, na mbwa usimsemeshe mpaka nikuambie."

Kiti cha nyuma alikuwapo mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Msidhani ni mbwa wa kifahari. Angepita sokoni Muheza angerushiwa jiwe. Ni mbwa koko hasa, aliyeokotwa barabarani akapelekwa kwenye nyumba ya kuhifadhia mbwa waliotupwa, na Shangazi akamchukua huko. Nikauliza anaitwa nani.

"Mgeni."

"Mbona Mgeni, Shangazi?"

"Wageni walikuwa wamekwisha," akasema, akawasha gari.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mbwa yule hajui Kiingereza. Anaambiwa "kaa", anakaa. Anaambiwa "ngoja", anangoja mpaka unamhurumia. "Lala", "simama", "twende", "njoo", yote kwa Kiswahili cha kwetu Tanga. Kwa miaka mitatu hapakuwa na mtu mwingine aliyemsemesha lugha hii. Likumbukeni hilo, wasikilizaji, maana tutalirudia.

Nyumba ilikuwa kimya. Televisheni haikuwashwa. Saa ya ukutani ilisikika tangu jikoni hadi chumba cha wageni. Mimi ni mtu wa redio, na kwetu sekunde tano za kimya ni ajali: fundi mitambo anakurupuka, bosi anapiga simu. Usiku ule kimya kilinichosha kuliko safari. Tulipomaliza kula ugali nikakohoa, nikaitoa hotuba yangu yote kama nilivyoipanga ndani ya ndege: nyumba, michungwa, ndugu, wajukuu wa kaka zake wasiomjua kwa sura. Shangazi alinisikiliza huku akikausha sahani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Mwanangu, nimeuguza watu miaka 31. Nimeshika mikono ya watu wanaokata roho, watoto wao sijawahi kuwaona. Nikitoka kazini asubuhi nakuta watu sebuleni wananingoja niwachemshie chai. Sikuchukia. Nilikuwa na nguvu, na wao walikuwa na shida. Lakini maneno ya kuzungumza na kila anayekuja yamekwisha. Yaliyobaki nayatumia kidogo kidogo." Akatundika kitambaa. "Wewe unaniona mpweke?"

Nikasema, ndiyo, Shangazi, tunakuona mpweke.

"Basi kesho ni Jumatano. Utakuja nami."

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu neno hili upweke linasemwa sana duniani siku hizi, na kwa haki. Uingereza ilifikia mahali pa kumteua waziri wa kushughulikia upweke, Januari 2018. Shirika la Afya Duniani liliunda tume yake mwezi Novemba 2023, na katika ripoti iliyotolewa mwaka 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba jambo hilo linaua. Sina la kubishana nalo.

Lakini yuko mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Laura Carstensen, ambaye tangu miaka ya 1990 amekuwa akionyesha jambo jingine. Watu wakizeeka, hesabu ya wanaojuana nao juu juu hupungua, lakini wale wa moyoni hubaki, na wengi wa wazee hao hawana huzuni zaidi kwa sababu hiyo. Maelezo yake ni kwamba mtu akiona siku zilizobaki si nyingi, anaacha kukusanya watu na kuanza kuchagua. Na si suala la mvi peke yake: alikuta hata vijana walioishi na virusi vya UKIMWI, wakati ule ambapo kifo kilikuwa karibu nao, walichagua watu kwa namna ile ile ya wazee. Niliyasoma hayo baada ya safari, si kabla. Laiti ningeyasoma kabla, nisingekohoa.

Na neno jingine kabla hatujaendelea. Najua wengi wanaonisikiliza ni Waislamu wa pwani, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Simwambii mtu afuge mbwa. Kwetu sisi Wabondei Wakristo wenyewe mbwa alikuwa wa kufukuza nguruwe shambani, na chakula chake alijitafutia. Ninachosimulia ni habari ya mzee mmoja na shughuli yake.

Jumatano, saa 1 jioni, tulikwenda kwenye jengo moja kubwa kama ghala, sakafu imetandikwa mipira. Humo walikuwamo watu wapatao 10, kila mmoja na mbwa wake. Nilidhani ni mahali pa kupeleka mbwa wakacheze. Hapakuwa na mchezo. Watu wale walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya utii wa mbwa.

Mashindano haya yana historia. Mwaka 1933, huko Mount Kisco, New York, mama mmoja aitwaye Helene Whitehouse Walker alichoshwa na watu waliowacheka mbwa wake wa aina ya poodle kwamba ni wa mapambo tu. Waingereza walikuwa tayari na majaribio ya utii, naye akachukua wazo lao, akaandaa majaribio ya kwanza ya Marekani. Walishindana mbwa 8. Mwaka 1936 American Kennel Club, chama kikongwe cha kusajili mbwa kilichoanzishwa mwaka 1884, kikayakubali mashindano hayo rasmi. Mwaka 1937 mama huyo na mwalimu wake wa mbwa, Blanche Saunders, walifunga tela nyuma ya gari, wakawapakia poodle watatu, wakazunguka Marekani maili zipatazo 10,000 wakionyesha watu kazi hiyo. Wanawake wawili peke yao, barabara za wakati ule. Tena chama hicho kwa miaka mingi kilikubali mbwa wa mbegu safi tu. Tangu mwaka 2010 kimewafungulia mlango mbwa chotara katika mashindano ya utii, na hapo ndipo mbwa koko wa Shangazi alipopata pa kuingilia.

Uzuri wa mbwa hauangaliwi. Mbio za mwenye mbwa haziangaliwi pia. Kanuni zinamruhusu hata anayetumia kiti cha magurudumu. Kinachopimwa ni kusikilizana. Daraja la wanaoanza lina alama 200. Unatembea na mbwa ubavuni kwa kamba, mwamuzi anakuamuru upinde, upunguze mwendo, uongeze, usimame, na kila ukisimama mbwa akae bila kuambiwa. Mnazunguka watu wawili waliosimama kwa mfano wa tarakimu 8. Mbwa anasimama tuli mwamuzi anamgusa kichwa, mgongo na kiuno. Mnatembea tena bila kamba. Mbwa anaachwa upande mmoja wa uwanja, anaitwa mara moja tu, naye anatakiwa aje moja kwa moja akae mbele yako. Ukimwita mara ya pili, umeanguka. Kisha unamwacha amekaa, unakwenda mlangoni kuchukua kamba, na asiinuke. Mwisho wanapangwa mstari mmoja na wenzao, wakae na walale bila fujo. Upate alama 170 au zaidi, na katika kila zoezi upite nusu. Ukifanya hivyo mara tatu, mbele ya waamuzi zaidi ya mmoja, mbwa wako anapewa cheo chake cha kwanza.

Shangazi alikuwa amekwisha pata mara mbili. Ya tatu ilikuwa Jumapili ile.

Nikakaa kwenye benchi nikawatazama. Karibu wote walikuwa watu wazima wa umri wake. Alikuwapo dereva wa basi aliyestaafu, mtu mnene mwenye mbwa mweusi. Alikuwapo mama mjane aliyekuwa akifanya kazi posta. Kwa muda wa saa nzima hawakuzungumza maneno 50 yasiyohusu mbwa. Hakuna aliyeuliza mtoto wako ameoa lini, hakuna aliyeomba mchango. Mmoja anatembea, wenzake wanamtazama, kisha wanamwambia ukweli: bega lako la kushoto linashuka ukigeuka, mbwa analisoma. Mama yule wa posta alimwambia Shangazi kwamba anamwita Mgeni kwa sauti ya wasiwasi. Shangazi akajaribu tena, mara nne, miaka 70, mpaka sauti ikakaa.

Kilichonichekesha ni majina. Wengi wao hawajuani majina. Wanajuana kwa mbwa. Yule dereva ni "baba" wa mbwa wake, na Shangazi yangu, aliyekwenda nchi ya mbali akaitwa huko kwa jina la ukoo la mumewe kwa miaka 30, hapo anaitwa mama yake Mgeni. Ama kweli, nilisafiri nusu ya dunia kukuta Wamarekani wanaitana kama sisi tunavyoitana uani.

Nikakumbuka wazee wa bao pale mtaani kwangu Magomeni. Wanakaa chini ya mwembe tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Ukiwauliza mwenzako ana watoto wangapi, hajui. Lakini jinsi mwenzake anavyonamua kete zake, hilo analijua kama kiganja chake, na asipotokea siku mbili anatumwa mtoto kwenda kumwangalia.

Nalisema hilo la kutumwa mtoto kwa sababu lipo jambo Shangazi hakuwahi kutuambia. Nililisikia kwa yule dereva wakati tunatoka. Mwezi wa Januari mwaka ule, siku ya Jumatano, barafu imetanda, Shangazi aliteleza uani kwake akavunjika mfupa wa mkono na kugonga kichwa. Simu ilikuwa ndani. Alilala pale chini akiwa na Mgeni. Ilipofika saa 1 na robo, watu wa ghalani wakaona mama yake Mgeni hajafika, na haikuwahi kutokea akakosa bila kutoa habari. Dereva akaacha mbwa wake kwa wenzake, akaenda. Madaktari walisema barafu ile isingemvumilia saa nyingine nyingi.

Sisi wa ukoo, wenye picha yake kila mtu kwenye simu, hatukuwa na habari.

Nilimuuliza njiani kwa nini hakutuambia. "Ningewaambia, mngefanyaje?" akasema. "Mngepiga simu wote siku moja. Ningezungumza kutwa nzima na mkono umefungwa." Kisha akaona nimenyamaza, akaongeza kwa upole kwamba alikusudia kuniambia mimi, lakini siku zikapita. Sikujua kama nicheke. Hata leo sijui. Maana Baba Mkubwa naye ana hoja: mtu asiyejulikana kama ameanguka, ndugu zake wana kazi gani? Ila siku ile aliyeanguka alijulikana, tena upesi. Aliyemjua tu ndiye hakuwa sisi.

Basi, Jumapili. Mashindano yalikuwa katika ukumbi mkubwa wa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Shangazi alivaa suruali nyeusi na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi usiku, kama muuguzi anayeingia zamu. Hakula. Aliniweka kwenye kiti karibu na mlango wa uwanja mdogo uliozungushiwa vizuizi, akaniambia maneno matatu: "Kaa hapo. Nyamaza."

Akaingia. Wasikilizaji, mimi nimetangaza mpira mara kadhaa, lakini moyo wangu haujawahi kwenda mbio namna ile. Mgeni alitembea ubavuni pake kana kwamba amefungwa kwa uzi usioonekana. Sikio lile lililolala lilikuwa likiruka kila hatua. Mwamuzi, mama mrefu mwenye ubao wa kuandikia, aliamuru kwa Kiingereza, Shangazi akageuza kwa Kiswahili, na watazamaji jirani yangu wakaulizana hiyo ni lugha gani. Lilipofika zoezi la kuita, Shangazi alisimama upande wa pili, akavuta pumzi, akasema, "Mgeni, njoo!" Sauti haikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mbwa akaja mbio, akakaa mbele yake, kichwa juu. Sisi tunao msemo, mgeni njoo mwenyeji apone, na nadhani mimi peke yangu katika ukumbi ule ndiye niliyeusikia.

Likabaki la kukaa. Shangazi akamwambia Mgeni, "Ngoja," akaanza kutembea kuelekea mlangoni kuchukua kamba. Saa zao zilikuwa saa 5 asubuhi. Kwetu saa 12 jioni. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Baba Mkubwa.

Ningeiacha. Kila nikisimulia habari hii watu wananiuliza kwa nini sikuiacha. Lakini mtu aliyelelewa kwetu haachi simu ya Baba Mkubwa. Nikainama, nikafunika mdomo kwa mkono, nikasema polepole, "Shikamoo Baba." Mtandao ukawa mbovu. Naye masikio yake si ya zamani. "Umemwambia? Umemwambia?" Nikamwambia hasikiki, atoke ndani, asogee uani kwenye mtandao. Hasikii. Nikapandisha sauti kidogo, sauti hii ya redio ambayo hata nikinong'ona inafika mbali:

"Njoo nje, Baba. Njoo! Njoo!"

Mgeni akainuka.

Alinitazama kwanza mimi, kisha Shangazi, kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye kizuizi mbele ya magoti yangu, akakaa vizuri kabisa, kichwa juu, kama alivyofundishwa.

Ukumbi ulinyamaza. Simu ilikuwa bado inaita, "Haloo? Haloo?" Mwamuzi akaja akamuuliza Shangazi mimi nimesema nini. Shangazi angeweza kusema hanifahamu. Angeweza kueleza, kuomba arudie, maana kanuni zina nafasi kwa mambo yasiyo ya kawaida. Alisema: "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, amekuja pamoja nami. Mbwa aliambiwa angoje. Hakungoja." Mwamuzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika. Ikawa imekwisha. Alama zote za mwanzo zikawa si kitu.

Ndani ya gari sikuwa na pa kuweka uso. Nikasema, Shangazi nisamehe. Akaendesha maili kadhaa bila kujibu, na safari hii sikuthubutu kukijaza kile kimya. Mwishowe akaanza kucheka, polepole, mpaka akaegesha gari kando ya barabara ili acheke vizuri. "Miaka mitatu," akasema, "namfundisha asidanganyike na mipira, na paka, na watoto wenye soseji. Sikufikiria kaka yangu angempigia simu."

Alipofuta macho akanikabidhi jibu la kupeleka. Nyumbani atakuja kutembea, mwezi wa Desemba, akipata wa kumwachia Mgeni. Kuhamia, hapana. Na la mazishi, ambalo alijua ndilo hasa lililowatia wazee wasiwasi ingawa hakuna aliyelitaja, alikwisha lilipia: atazikwa Columbus karibu na mumewe, karatasi ziko kwenye droo ya jikoni, na mwanawe ana nakala. "Mwambie kaka sikumkimbia. Mwambie nimezeeka kama yeye alivyozeeka. Yeye ana baraza, na mimi nina Jumatano."

Niliyafikisha maneno hayo Muheza kama yalivyo. Wazee wawili waliguna. Wa tatu, ambaye mkewe alifariki mwaka uliotangulia, hakuguna. Aliniuliza ghala lile liko wazi siku ngapi kwa juma. Baba Mkubwa alinyamaza muda mrefu, hasa kwenye lile la kaburi, na chai yake ilipoa. Sitawadanganya kwamba alikubali. Alisema tu kwamba mimi nilitumwa kuleta mtu nikaleta maneno. Ni kweli.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, usiku wa Jumapili, nikapata ujumbe kwenye simu. Haukuwa na salamu wala maelezo. Uliandikwa: "187½. Mgeni anasalimia." Cheo kilikuwa kimepatikana.

Nikampigia Baba Mkubwa, nikamwambia shangazi amepata mia moja themanini na saba na nusu. Nikasikia anamgeukia mtu aliyekuwa naye pale barazani, anamwambia. Kisha akarudi kwenye simu.

"Hizo dola," akauliza, "amepewa yeye au mbwa?"